Kitu cha Chumba cha Pili

Kuku alikuwa anatagia juu ya ile kompyuta, kwenye gunia lililokunjwa. Alipoona Mzee Ambakisye anainama chini ya meza ya varanda, alishuka mwenyewe, akajikung'uta, akasimama pembeni akilalamika kwa sauti ya chini kama mpangaji aliyepewa notisi.

"Umemfukuza mwenye nyumba," Bibi Sekela alimwambia mumewe.

"Atapata nyingine. Hii imepata kazi."

Ilikuwa kompyuta ya mizani kutoka kiwanda cha chai alikofanyia kazi ya ufundi mpaka alipostaafu. Kiwanda kilipoleta mizani inayojiendesha, hii ilitupwa, naye akaibeba kichwani mpaka nyumbani. Zamani ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa na rangi ya maziwa ya mgando yaliyokaa sana. Alizilegeza skrubu moja moja akazipanga kwenye kifuniko cha sufuria zisipotee. Vumbi la ndani lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto. Alilipuliza kwa pampu ya baiskeli, akachomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa njano. Kisha akachomeka kadi ya pili ya mtandao, aliyoitoa kwenye kompyuta nyingine iliyokwisha kufa.

"Kadi mbili za nini?" Sekela aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage.

"Mdomo mmoja uelekee nje, mmoja uelekee ndani. Kitu chochote cha humu kikitaka kusema na watu wa nje, sharti kipite hapa katikati. Na hapa katikati kuna sheria zangu. Vitabuni wanaita ukuta wa moto."

"Moto usije ukatuunguzia nyumba."

"Jina tu hilo, mama."

Kutoka jikoni jiko likasema, kwa ile sauti yake tamu ya msichana wa redioni: "Mama Gwamaka, maji yamechemka. Leo sauti yako ina uchovu. Je, kuna ugomvi nyumbani?"

Mzee aliokota skrubu akaiweka palepale ilipokuwa.

Jiko lile lilikuwa la bure. Kila nyumba iliyojiunga na bima ya Nyumba Angavu ilipewa jiko, taa, na kitasa cha mlango, na kila kimoja kilikuwa na sikio. Vilichosikia vilikipeleka kwenye kampuni, na kampuni ikatoa alama, na alama zikaandikwa kwenye ubao wa mwanga pale sokoni ili watu wahimizane kuishi vizuri. Mvua hizi zilipoanza, Sekela alimgombeza mke wa mwanawe juu ya uji ulioungua, maneno ya kawaida ya jikoni ambayo yangekwisha uji ulipokwisha. Kesho yake ubao ukasema: *Kaya ya Mwakipesile: utulivu umeshuka, mama mkwe na mkamwana.* Muuza ndizi mmoja alimwita Sekela "Mama Utulivu" mbele ya watu. Mzee Ambakisye alirudi nyumbani bila chumvi aliyotumwa, akaanza kutafuta bisibisi.

Mke wa mwana huyo alitokea mlangoni wakati huo. Jina lake Tumpe, binti mrefu, mpole wa kusema, aliyebaki na wakwe zake huku Gwamaka akiwa Singida kwenye mitambo ya upepo. Mara tu kivuli chake kilipogusa varanda, mzee aligeuza uso akautazama ukuta. Tumpe naye aliinamisha kichwa, akavuta khanga.

Kwao ndivyo ilivyo tangu mababu. Baba mkwe na mkamwana hawatazamani machoni, hawapishani njiani, hawatajani majina. Neno la mmoja kwenda kwa mwingine hupita kwa mama.

"Mama, mwambie baba chai iko tayari."

Mzee alikuwa karibu kiasi cha kuguswa na mwiko wa ugali. Alingoja.

"Chai iko tayari," Sekela akasema.

"Mwambie asante, imekuwa nzuri."

"Hata hujaionja!"

"Mwambie hivyo hivyo."

Sekela akacheka. Kazi hii aliipenda, na alijijua kuwa anaiweza. Mzee akisema, "Mwambie apunguze kuburuza viatu," neno lilifika kwa Tumpe likiwa, "Baba anasema sakafu ni baridi, uwe mwangalifu." Tumpe akisema chumba kinavuja naye amechoka kuhamisha kitanda, neno lilifika kwa mzee likiwa, "Mkamwana anasifu ulivyoziba bati la jikoni, anaomba umwangalizie na la kwake." Alipunguza hapa, akakoleza pale, na nyumba ikakaa vizuri. Hakuna hata siku moja aliyofikiri kwamba anasema uongo.

*

Ukuta ulipowashwa ulikoroma kama paka mzee, halafu jiko likabaki jiko. Lilipika, likanyamaza. Kitasa kilifungua na kufunga bila kumpongeza mtu kwa kurudi mapema. Sokoni, ubao uliandika: *Kaya ya Mwakipesile: haijulikani.*

"Mmekufa huko?" Mama Anyosisye, jirani yao, alimuuliza Sekela.

"Tuko hai. Tumefunga mlango tu."

"Haya, mkija kuibiwa msitulilie."

Wakati huo wote Mzee Ambakisye alikaa mbele ya kioo chake kidogo, miwani puani, akiandika sheria. Sheria kubwa ilikuwa moja: kinachojulikana kipite, kisichojulikana kisipite. Kila kifaa alikipa jina kwa mkono wake. Jiko. Taa ya sebuleni. Simu yangu. Simu ya Mama Gwamaka. Simu ya Tumpe aliiandika "simu ya chumba cha pili," kwa sababu hata kwenye mashine jina lile halikutoka. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyetupa kitu, hata kilichokataliwa hakukifuta. Alikitengea mahali humo humo ndani, akapaita chumba cha kusubiri.

Asubuhi moja Tumpe alimfuata Sekela jikoni, akamkuta anamenya viazi. Alitazama mlangoni, akainua blauzi kidogo. Kiunoni, chini ya tumbo ambalo khanga ilikuwa imelificha vizuri, kulikuwa na mkanda mwembamba wenye taa ndogo ya kijani.

Sekela alidondosha kisu. "Mwanangu! Imekwenda mpaka hapo?"

"Niliogopa kusema, mama. Zile mbili nilisema mapema." Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na zote alizililia jikoni humo humo. "Nesi Bupe wa kituo cha afya amenipa huu. Unamsikiliza mtoto, unampelekea yeye mapigo kupitia mitambo ya ng'ambo. Akiona baya, anaurudishia habari, unakuwa mwekundu unatetemeka. Ukiwa kijani, nikae kwa amani. Ila hauna laini yake, unatumia mtandao wa nyumba. Naomba umwambie baba aupe njia kwenye ukuta wake."

Sekela alimkumbatia, maganda ya viazi yakiwa bado mkononi. "Nitamwambia leo leo."

Alikusudia kweli. Lakini jioni, alipompelekea mzee chai, maneno yalikataa kujipanga. Atasemaje? Tumbo la mkamwana, kwenye masikio ya baba mkwe wake? Kuna kitu kimekaa kiunoni mwake, chini ya nguo? Alijaribu kulipunguza kama alivyozoea, akaona lote ni lile lile. Hapakuwa na mahali pa kupunguza.

Mzee ndiye aliyeanza. "Mama Gwamaka, kuna kitu kipya humu. Kiko chumba cha pili." Aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole. "Kinajaribu kutuma, kinapumzika, kinajaribu tena. Nimefuatilia kinakokwenda, ni ng'ambo, mji ambao hata sijui kuutamka. Sipendi. Muulize mwenyewe."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lingetosha, "kliniki," na mzee asingeuliza la pili.

"Nimeshamuuliza," Sekela alisema. Uso ulimwaka moto. "Nadhani ni ile taa yake mpya."

"Taa inaongea na ng'ambo?"

"Vitu vya siku hizi, baba. Mimi nitajuaje."

Mzee alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuongeza kitu. Kisha akabonyeza. "Basi iwake bila kuongea."

Kesho yake Tumpe aliuliza, "Mama, ulimwambia?"

"Nimemwambia. Hana neno."

Tumpe aliweka mkono kifuani, akasema, "Ndaga, mama." Asante ya kwao, ile wanayoipa mtu mzima kwa kuinama. Sekela aliipokea huku akitazama masufuria. Angemwambia mzee kesho, atakapokuwa ametulia. Kesho mgongo wake uliuma. Kesho nyingine alikuja mgeni. Kila alipopita karibu na Tumpe aliona ile taa ya kijani ikimulika kupitia khanga, na kila alipoiona alijiambia kwamba si ndiyo inawaka? Mbona kijani?

*

Nesi Bupe alifika mchana, mvua ikimwagika, gambuti zimejaa matope. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Hodi! Tumpe yuko wapi? Kwa nini amevua mkanda?"

"Sijauvua," Tumpe alijibu kutoka chumbani. "Niko nao. Ni kijani."

Nesi alisimama katikati ya sebule. "Kijani? Sijapata pigo hata moja tangu wiki iliyopita. Nilidhani ni mtandao wenu wa mlimani na mvua zake. Mkanda usipofika kwangu unabaki na rangi ya mwisho. Unanisikia? Rangi ya mwisho!"

Mzee Ambakisye, kwenye kiti chake mbele ya Ukuta, aliacha kuandika. Hakugeuka.

Nesi aliingia chumba cha pili, Sekela nyuma yake. Tumpe alikuwa amelala ubavu. "Tangu asubuhi amekuwa mvivu," alisema polepole. "Nikasema ningeshtuliwa. Mkanda ungetetemeka."

Nesi alitoa kifaa chake cha kusikilizia, akakibandika tumboni. Sauti ilikuja, tup, tup, ikachelewa, ikarudi. Sekela alikuwa amezaa, na alikuwa amewazalisha wenzake kabla ya vituo vya afya kufika mlimani. Hakuhitaji kuambiwa.

"Barabara?" Nesi aliuliza.

"Udongo umeporomoka pale darajani," Sekela alisema.

"Basi ni ile ndege ya wagonjwa ya hospitali, isiyo na rubani, na ile haitumwi kwa kuombwa. Mashine ya hospitali inataka mapigo ya mkanda, ya nyuma mpaka leo, ione yameanza lini kushuka. Bila hayo inajibu 'subirini uchunguzi.' Na mimi sina hata moja. Yamekwenda wapi?"

Tumpe alimtazama mama mkwe wake. Alikuwa anangoja, kama alivyongoja siku zote, mama amjibie.

"Sikumwambia," Sekela alisema.

"Nini, mama?"

"Baba. Sikumwambia habari ya mkanda. Aliniuliza, nikasema ni taa. Akaufunga. Nikaja nikakwambia hana neno." Alitaka kuongeza kwamba aliona haya, kwamba alikuwa anatafuta wakati mzuri. Akaona ni kukoleza tena, akayaacha.

Tumpe aligeuzia uso ukutani.

Sekela alitoka, akasimama nyuma ya kiti cha mzee. Kisogo chake kilikuwa na mvi zilizokatwa vibaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyezikata. "Kile kitu cha chumba cha pili," alisema. "Si taa. Ni mkanda wa kliniki. Mkamwana ana mimba kubwa, mtoto anazidiwa, na mimi nilijua."

Mikono ya mzee ilibaki juu ya vibonye. Alipumua mara moja kwa nguvu, kama mtu aliyebebeshwa gunia bila kuambiwa uzito.

"Kilichotumwa kipo," alisema. "Kipo chumba cha kusubiri. Sikukifuta."

"Nitumie!" Nesi alipaza sauti kutoka ndani.

Mzee alijaribu. Kibao cha kompyuta cha Nesi kilikataa, kikisema hakipokei kitu kutoka kwenye mashine isiyosajiliwa. "Basi nisomee," Nesi alisema, "niingize kwa mdomo. Siwezi kumwacha huyu nije huko. Ufunguo huu hapa." Akamtajia Sekela neno la siri, Sekela akalifikisha, na yale maandishi yaliyokuwa kama mchele uliomwagika yakajipanga kuwa tarakimu.

Mzee aliyafumba macho.

Sekela alielewa. Pale kwenye kioo palikuwa ndani ya mwili wa mkamwana wake. Mapigo ya moyo wake, usingizi wake, saa aliyoamka, mtoto alipogeuka na tumbo lilipokaza. Kampuni ya jiko haikuwahi kupata hata nusu ya haya, naye mzee alikuwa amejenga ukuta mzima ili isipate.

"Siwezi kuyatazama, Mama Gwamaka. Nimeyakusanya mimi, kwa mashine yangu, ndani ya nyumba yangu. Sasa nina tofauti gani na wale?"

"Utafumbua," Sekela alisema. "Aibu hii ni yangu, nitaibeba mimi. Wewe soma."

Akavua shuka lake la mabegani, akamfunika mzee kichwani pamoja na kioo, kama wanavyomfunika mtu wa kujifukiza mafua. Humo ndani kulikuwa na yeye na tarakimu tu. Sauti ikaanza kutoka chini ya shuka, ya chini, bila jina la mtu.

"Jumapili asubuhi. Mia na arobaini na nne."

Sekela akatembea ukumbini mpaka mlango wa chumba cha pili. "Jumapili asubuhi, mia na arobaini na nne."

"Imeingia. Endelea!"

Akarudi. Akaenda. Akarudi. Sakafu ilikuwa baridi kweli. Mara moja mzee alisema, "Jumanne jioni, mama amelia muda mrefu, mapigo yake yamepanda," na Sekela alisita. Jumanne ndiyo siku aliyomwambia Tumpe kuwa mtoto wa kwanza wa Mama Anyosisye amezaa mapacha, na hakuona machozi yoyote. Mguu wake ulitaka kulipunguza hilo, kuliangusha pale ukumbini. Akalifikisha lote.

"Jumanne jioni, mama amelia muda mrefu, mapigo yake yamepanda."

Tumpe alikuwa bado ameelekea ukutani. Sikio lake tu ndilo lililoonekana.

"Leo alfajiri," ilisema sauti ya shukani, na hapo ikapasuka kidogo. "Mia na kumi. Halafu tisini. Halafu mia."

"Leo alfajiri mia na kumi, halafu tisini, halafu mia."

"Hapo!" Nesi alisema. Kibao chake kilikaa kimya, kikakaa kimya, kisha kikatoa mlio mmoja. "Inakuja. Mvisheni sweta."

Ndege ilitua kwenye uwanja wa shule ya msingi, majani ya migomba yakilala chini kwa upepo wake. Mzee Ambakisye hakutoka. Alikuwa bado chini ya shuka.

*

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, mdogo kama mkate, wa kike, akiwa na hasira. Waliporudi nyumbani, mvua zilikuwa zimekatika na kuku amepata gunia lake juu ya kabati.

Ukuta ulikuwa unakoroma palepale, lakini mzee alikuwa ameubadilisha. Kitu kisichojulikana hakikufungwa tena kimya kimya. Ukuta ulimuuliza mwenye kitu, kwenye simu yake mwenyewe: *hiki ni chako? kipite?* Akijibu, jibu lilitekelezwa bila mzee kuona ni kitu gani. Chumba cha kusubiri alikifuta chote, yeye asiyetupa hata skrubu.

"Kwa hiyo mkamwana anaongea na sanduku sasa," Sekela alisema.

"Ee."

"Halihitaji mtu wa katikati."

Mzee alifuta miwani yake. Alikuwa mtu wa huruma, lakini hili hakuliongezea sukari. "Halikosei kufikisha," alisema.

Sekela alikwenda jikoni, akawasha jiko. Halikumwambia kitu. Aliinama juu ya uji muda mrefu kuliko uji ulivyohitaji. Tumpe alimsalimia kila asubuhi, akampa mtoto ambebe, akamshukuru kwa chakula. Ila hakumtuma. Chai ilipokuwa tayari, simu ya mzee ililia kwa ujumbe uliopitia Ukuta, naye akainuka akaenda mezani. Bati lilipovuja, simu ililia, naye akachukua ngazi. Sekela alijikuta mara nyingi amesimama ukumbini, mikono mitupu, kati ya milango miwili. Hakulalamika. Alijua kilichomfikisha pale.

Asubuhi moja ya jua, alikuwa anapita na ndoo, mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa kidogo. Simu ya Tumpe ilikuwa kitandani karibu na mkono wake, Sekela aliiona. Mtoto alikuwa kifuani.

"Mama," Tumpe alisema. Alikuwa anatazama kichwa cha mtoto. "Mwambie baba mtoto amepiga chafya. Mbili. Ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza."

Sekela aliitua ndoo. Alikausha mikono kwenye khanga, mmoja, halafu wa pili. Akaanza kutembea ukumbini polepole, midomo ikirudia, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mpaka ukingoni. Mzee alikuwa varandani akichonga mpini wa jembe. Alisikia hatua zake, akaacha kuchonga, akangoja.

"Baba Gwamaka," alisema, "mkamwana anasema mtoto amepiga chafya. Mbili. Ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza."